Mitungi ya kale ya Italia ya kusini: irudi kwao au ibaki makumbusho ya nje?

Mzee wa Udongo: Wakuu, makumbusho ya Getty ya Marekani waliurudisha Italia mtungi wa mchoraji wa kale Asteas mwaka 2005, ule wa Europa, binti wa hadithi za Kigiriki, juu ya fahali. Met, makumbusho ya New York, nao 2006 wakakubali kurudisha vitu kibao. Mimi nasema chochote kilichoibwa makaburini kirudi, hata kama mnunuzi alilipa hela yake. Mnasemaje?

Chumvi Kidogo: Yenye stori irudi, sawa. Ila hii midogo ya mtindo wa Gnathia, nyeusi yenye maua na mizabibu tu, maua ni ya kujazia nafasi, iachwe huko iliko.

Binti Rufiji: Kujazia nafasi?? Kaka umewahi kuiangalia shingo ya mtungi mkubwa wa Apulia, huko huko Italia ya kusini, kweli? Kichwa cha mwanamke kinatokeza katikati ya ua, vikonyo vinajiviringisha kulia na kushoto, vingine vimepakwa nyeupe na njano mpaka unaona petali imepinda, na yote hayo mtu kachora kwa brashi kwenye udongo wa duara!

Chumvi Kidogo: Dada sijakutukana. Pambo ni pambo. Hata kanga ina pindo, nani ananunua kanga kwa ajili ya pindo?

Binti Rufiji: Mji bila pindo sio kanga, ni kitambaa. Kamuulize mama yako.

Kasuku wa Pwani: Mama zake muwaache jamani. Mingi ya ile mikubwa imetobolewa chini, haishiki hata maji, ilitengenezwa iingie kaburini. Ndo maana watafiti wengi wanalihusisha lile ua na maisha baada ya kifo.

Chumvi Kidogo: Haya, kama ni mali ya marehemu basi hata Italia wasiiweke kwenye kabati la vioo, waifukie ilikotoka. Mbona hilo hamsemi?

Binti Rufiji: Waifukie kaburi lipi? Mwizi anachimba usiku, anavuta mtungi, mifupa anaitupa, hakuna tena anayejua alizikwa nani wala pembeni kulikuwa na nini. Na hiyo midogo unayoidharau ndo inaumia zaidi, maana Europa utamtambua popote, ila mzabibu uliotolewa kaburini bila kumbukumbu yoyote utajuaje ulikuwa wa nani?

Mzee wa Udongo: Kwahiyo Binti unasema irudi au isirudi?

Binti Rufiji: Irudi yote, na midogo ianze.

Chumvi Kidogo: La kanga bado hujanijibu.