Tupeane uzoefu: anwani za sarafu za kidijitali, nani aliwahi kutuma kusikorudi?

Ndugu zangu, nipo Mtwara mjini, nachora nembo za wateja wa nje, wengi wananilipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Msimu huu mdogo wangu wa Masasi alipoteza hela ya salfa ya mikorosho, bado inaniuma.

Kwenye simu tumezoea ukiandika namba, jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Anwani ya sarafu ni mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu tu, haina jina. Ukituma kwa mwingine, hakuna huduma kwa wateja wa kukurudishia.

Na dogo hakukosea kuandika. Alikopi anwani yangu kwenye orodha ya miamala yake ya nyuma. Kumbe tapeli alishamtumia kiasi kiduchu kutoka anwani iliyotengenezwa ifanane na yangu: herufi nne za mwanzo zilezile, nne za mwisho zilezile. Yeye akatazama ncha mbili, akabonyeza. Tulipoziweka juu na chini kwenye kioo cha simu, katikati hazikufanana hata kidogo. Sasa tunasomeana kwa sauti, herufi nne nne, mpaka mwisho, na hakopi tena kutoka kwenye miamala. Semeni na yenu.

Wa Newala:
Pole sana kaka. Mimi niliponzwa na mtandao wa sarafu, ile njia hela inamopitia, kama Tron, Ethereum au BNB. Anwani ya Tron inaanza na T, ina herufi 34, hiyo ukiichanganya programu inakataa. Ila ya 0x, yenye herufi 42, ni ileile kwenye Ethereum, BNB na mingine. Nilituma kwa BNB, soko la sarafu analotumia mpokeaji linapokea kwa mtandao wa Ethereum tu. Tumebembeleza wiki tatu ndipo ikarudi, imekatwa ada.

Wa Lindi:
Samahani wakubwa, ndiyo naanza. Nikimpa mtu anwani yangu, hawezi kuniibia?

Mwanzisha uzi:
Hawezi, dada. Anwani ni ya kupokelea. Ila ataona salio na miamala yake yote, kwa hiyo usiibandike hovyo. Cha kuficha ni yale maneno 12 au 24 ya siri yanayofungua pochi, yaani programu unayotunzia sarafu. Yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha.

Wa Nachingwea:
Mimi fundi simu aliniomba hayo maneno "aniwekee sawa". Nilimpa. Jioni pochi ilikuwa sifuri.

Wa Lindi:
Poleni jamani. Basi kesho mteja wangu nitamwambia atangulize dola moja, nikiiona ndipo atume iliyobaki.