Uvamizi wa miavuli Uingereza, 1940: Juni au Septemba?

Mkomani_77
Salaam alaykum. Mjadala wa barazani haukwisha, nauleta hapa. Ujerumani ilikuwa na njia mbili za kuivamia Uingereza. Ya kwanza ni rai ya Erhard Milch, mmoja wa wakubwa wa jeshi la anga la Ujerumani: mara baada ya Waingereza kukimbia kwa meli kutoka Dunkirk, Ufaransa, askari wa miavuli wateke viwanja vya ndege kusini mwa Uingereza, wenzao waletwe kwa ndege. Ya pili ni kungoja Septemba wavuke kwa matishari. Mimi nashikilia Juni. Waingereza waliokoa askari zaidi ya 330,000, ila mizinga na magari waliyaacha Ufaransa.

BintiMalindi
Kaka, hao wa miavuli wangetoka wapi? Mei walikuwa Uholanzi, wakapoteza ndege za uchukuzi za Ju 52 zaidi ya 200. Jenerali wao, Student, alipigwa risasi ya kichwa Rotterdam.

Mzee wa Shela
Wanangu, tazameni Wajerumani walivyovamia kwa miavuli Krete, kisiwa cha Ugiriki, Mei 1941. Ndege za kivita za Uingereza zilikuwa zimeshaondolewa kisiwani, na bado Wajerumani nusura washindwe. Wengi waliruka na bastola na mabomu ya mkono tu. Bunduki zilishushwa kando, ndani ya masanduku. Mwavuli umefungwa mgongoni, kuuelekeza haiwezekani. Upepo ukimtupa huku na sanduku kule, mtu anatambaa kwenye mizeituni akiitafuta silaha yake huku anapigwa risasi. Kilichowaokoa ni askari wa New Zealand kuondoka usiku kwenye kilima cha 107, juu ya kiwanja cha Maleme. Sasa wapeleke Kent, kusini mwa Uingereza, ndege za kivita za Spitfire ziko angani!

Mkomani_77
Shikamoo Mzee. Lakini Krete si waliichukua? Na Dover hadi Ufaransa ni kilomita 33 tu.

BintiMalindi
Umbali si hoja, hoja ni mzigo. Ju 52 inabeba askari 18 hivi, kifaru hakiingii. Jahazi moja kubwa la kubebea simiti linashinda msururu mzima wa ndege hizo. Risasi zikiisha siku ya tatu, nani atawaletea nyingine?

Pate_Kusini
Septemba nayo ni mbaya zaidi. Matishari ya mtoni yavutwe usiku mbele ya manowari za Uingereza? Hitler mwenyewe aliahirisha tarehe 17.

Mzee wa Shela
Marahaba Mkomani. Ukinilazimisha nichague, nitachukua Juni, kwa sharti moja: kiwanja kitekwe siku ileile ya kwanza na ndege ziweze kutua. Kikikosekana, walioshuka wote ni mateka.