Tuwakumbukeje wazima moto wa kujitolea waliofia kazini?

Mkazi wa Mukuru

Ndugu zangu, kijana mmoja wa mtaa wetu alifariki mwaka juzi alipokuwa akisaidia kuzima moto katika safu ya nyumba za mabati. Hakuwa mwajiriwa wa kaunti. Alikuwa miongoni mwa wale wanaokimbia na ndoo na mitaimbo kabla gari la zimamoto halijafika, maana vichochoro vyetu havipitiki. Je, kumbukumbu yake tuifanye tarehe 4 Mei, Siku ya Kimataifa ya Wazima Moto, au hiyo ni ya wenye sare pekee?

Mzima Moto Mstaafu

Siku hiyo chimbuko lake ni watu wa kujitolea hasa. Tarehe 2 Desemba 1998, huko Linton katika jimbo la Victoria, Australia, wazima moto watano wa kujitolea kutoka Geelong West walifariki baada ya gari lao kuzingirwa na moto wa msituni. Walikuwa njiani kwenda kujaza tangi maji upepo ulipogeuka ghafla, na moto uliokuwa ukipita kando yao ukawajia wao. Mwezi uliofuata ulitolewa wito wa kutenga siku ya kuwaenzi wazima moto kote duniani, ikachaguliwa sikukuu ya Mtakatifu Florian, msimamizi wao kwa Wakatoliki. Utepe wake ni mwekundu kwa moto na buluu kwa maji. Kijana wenu ana haki nayo. Kilichonigusa zaidi ni kwamba baada ya Linton, wenzetu wa kule walisisitiziwa wasimalize maji yote tangini, yabaki ya kujiokoa wenyewe.

Binti wa Kariokor

Tarehe si neno. Hotuba ndizo ninazoziogopa. Nilihudhuria kumbukumbu moja ambapo wageni walihutubu kwa saa mbili, na jina la marehemu likatajwa mara moja tu, tena kwa kukosewa. Nendeni pale Moi Avenue na Haile Selassie, jijini Nairobi, kwenye bustani ya waliouawa kwa bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, muone watu wanavyopitisha kidole juu ya jina moja ukutani bila kusema lolote. Andikeni jina lake, na mama yake aulizwe kwanza. Kwani ni nini hasa kilichomuua?

Mkazi wa Mukuru

Ni stima. Alishika bati ili alibomoe moto usivuke, kumbe waya wa sambaza, yaani stima ya kuunganishwa kinyemela, ulikuwa umeliangukia. Nimezungumza na Mama jioni hii, naye amesema 4 Mei haijui. Anayoijua ni siku aliyoletewa gumbuti moja ya mwanawe, ya pili isionekane. Basi itakuwa siku hiyo. Kibao chenye jina lake tutakiweka karibu na bomba la maji, na fundi wa umeme atawaonyesha vijana jinsi ya kukata stima ya safu nzima kabla mtu yeyote hajagusa bati.