Kocha wa pale ufukweni kanibinya paja kama ananunua kuku!!

Wakuu nimetoka Coco sasa hivi, jasho halijakauka na mikono inatetemeka kwa hasira. Yule kocha wa asubuhi, mnamjua msijifanye hamumjui, yule mwenye filimbi mbili shingoni, leo kanibinya paja. Mbele za watu! Vidole viwili hivi kama yuko Shekilango anachagua kuku wa sikukuu, halafu anawageukia wenzangu anasema "huyu wa kienyeji, bila dawa ya broila haoti nyama." Mpaka mama wa mihogo akaacha kugeuza mihogo.

Na dawa yenyewe ni homoni ya ukuaji, ya sindano, anaiuza yeye. Kachupa kametoka MFUKO WA BUKTA wakuu, jua la Dar hili, kitu cha kukaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8 chenyewe kina joto la chapati! Lebo imekaa upande, inabanduka. Eti "mzigo wa Ulaya huo dogo."

Olimpiki waliipiga marufuku tangu 1989, Athens 2004 wakaanza kuipima kwenye damu, na hata hizo nguvu tafiti hazijaonyesha wazi kama inaongeza, unajaa maji tu mwilini watu wanadhani umejazia. Ukizidisha sukari inapanda, na ukiendelea nayo taya na viganja vinakua na mfupa ukishakua haurudi. Mimi nakimbia nusu marathoni, kilo za ziada nazibebea nini?

Eti Mbongo bila sindano hashindi. Filbert Bayi kavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch mwaka 1974, kaongoza mbio mwanzo mwisho. Simbu juzi tu 2025 kachukua dhahabu ya marathoni Tokyo. Halafu mtu ananibinya paja! Na dogo wangu wa miaka 15 amesimama pale anaangalia kaka yake anavyopimwa unono, njiani kaniuliza "bro, kwani ile sindano bei gani?" Hapo ndipo nilipotaka kurudi.

Chapati_Mbili: Uzi bila picha ya paja haujakamilika.

Binti Mbagala: Mkuu pole ila kakubinya paja lipi? La kienyeji au la broila 😂

mzee_wa_kutembea: Huyo mimi aliniambia nina miguu ya mbu. Mwaka jana hiyo, sijarudi.

Mleta uzi: Hamjanielewa. KANIBINYA. Vidole viwili.

Dokta wa Mtaa: Kabla ya 1985 hiyo homoni ilikuwa inatolewa kwenye tezi ya chini ya ubongo wa MAITI, kuna waliochomwa wakaja kufa kwa ugonjwa wa ubongo. Ya sasa inatengenezwa maabara, ila ya mfuko wa bukta mimi siwezi kukwambia kina nini humo ndani. Dogo mwangalie sana.

Chapati_Mbili: Maiti tena? Nilikuwa nakunywa supu hapa.

Kipara Ngoto: Afadhali wewe umebinywa bure. Mimi jimu ya huku kwetu nimelipa mwezi mzima, vyuma vina kutu, feni moja na kaikalia mwenye jimu. Kaniuzia na unga wa protini, siku tatu sijatoka chooni.

Binti Mbagala: Huo unga ni wa rangi ya maziwa ya mgando? Basi ndio huohuo!! Mume wangu alikosa kazi siku mbili

mzee_wa_kutembea: Mnaongelea unga, mimi Karume nimeuziwa raba za mbio zote za kushoto, nimegundua nimeshafika Kimara.

Mleta uzi: Jamani paja langu

Kipara Ngoto: @mzee_wa_kutembea namba ngapi hizo? Mimi nina ya kulia moja, 43.

mzee_wa_kutembea: 43 mkuu!! Njoo inbox.