Naomba ushauri: ninaongoza kikundi cha wanafunzi kutengeneza katuni ya dakika tatu, nianzie wapi?

Penseli wa Ntinda

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Kampala, na kikundi chetu cha watu wanane kimenichagua niwe mwongozaji wa katuni ambayo ndiyo kazi yetu ya mwisho. Tumebakiwa na wiki 13. Tumekubaliana iwe ya dakika tatu, iwe kwa Kiswahili, na ihusu abiria wa bodaboda wanaokataa kuvaa helmeti. Kiswahili tumekichagua kwa sababu tungependa ionyeshwe katika shule za sekondari, na pia ieleweke kwa majirani zetu wa ng'ambo ya Busia na Malaba.

Kuchora hakutusumbui sana. Kinachonisumbua ni uongozi. Wachoraji wawili walio hodari kuliko sisi sote wameshaanza kuchora wahusika na hata kuwapaka rangi, ilhali hadithi yenyewe haijakamilika. Mwenzetu mmoja haonekani mikutanoni tangu tugawane majukumu. Maabara ya chuo hufungwa jioni, umeme hukatika bila taarifa, na laptopu zenye nguvu ni tatu tu. Mhadhiri anataka mpango wa kazi ulioandikwa kabla ya Ijumaa ijayo. Naomba mnieleze nizigawe vipi wiki hizo, na niwaongoze vipi watu ambao ni rafiki zangu, tena baadhi yao wananizidi ufundi.

Mama Storibodi

Mdogo wangu, hongera kwa kuchaguliwa, na pole kwa hilo hilo.

Kabla ya mpango, fanya hesabu. Katuni kwa kawaida huenda kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, hivyo dakika tatu ni fremu 4,320. Hata mkitumia mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kama wafanyavyo wengi, mnabaki na michoro 2,160, na kila mchoro unadai mstari safi na rangi. Usikubali makadirio yangu wala ya wachoraji wako. Chukueni shoti moja, yaani kipande kimoja kisichokatwa, ya sekunde nne, mmoja wenu aichore hadi mwisho huku mwingine akiandika muda, kisha mzidishe. Nadhani mtarudi hapa mkizungumzia sekunde 90, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Abiria aliyesuka nywele jana, anayepewa helmeti ambayo tangu asubuhi imevaliwa na vichwa kadhaa vyenye jasho, tayari ni hadithi, na haihitaji dakika tatu. Tena hiyo ndiyo sababu halisi ya watu kukataa helmeti, kwa hiyo anzeni hapo badala ya kuanza na ajali.

Sasa wiki zenyewe. Katika wiki tatu za kwanza asipake mtu rangi. Wiki ya kwanza ni ya muswada, usiozidi ukurasa mmoja na nusu, usomwe kwa sauti mbele ya wote. Wiki ya pili ni ya storibodi, yaani hadithi nzima ikiwa michoro iliyopangwa kwa mfuatano, na hapo uwape kazi hao hodari wako wawili, kwa sharti kwamba wachore kwa penseli, harakaharaka, kwenye vikaratasi vidogo vinavyoweza kubanduliwa ukutani na kupangwa upya. Mtu aliyetumia siku nzima kupamba mchoro atautetea hata kama hadithi haiuhitaji. Aliyetumia dakika tano atauacha uende. Wiki ya tatu piga picha storibodi yote kwa simu, zipange kwenye programu ya kuhariri video, weka sauti za majaribio, na mtapata animatiki, yaani filamu yenu nzima ikiwa bado ni michoro mikavu lakini ikiwa na muda wake kamili. Itazameni pamoja na mtu asiyejua chochote kuhusu mradi. Mahali atakapouliza swali, hapo pana kasoro, na hapo ndipo pa kukata au kuongeza.

Animatiki ikishapita, ifunge. Kuanzia siku hiyo hakuna shoti mpya inayoingia, hata mtu akija na wazo tamu kiasi gani. Nimeona vikundi vya watu wenye vipaji vikikwama kwa sababu mwongozaji alishindwa kusema neno "hapana" katika wiki ya sita.

Wiki ya nne tengenezeni shoti moja tu, ya wastani, mkiipitisha hatua zote hadi imalizike kabisa, kwa kuwa humo ndimo mtakamogundua kwamba rangi fulani hazionekani kwenye projekta na kwamba faili za fulani hazifunguki kwa fulani. Wiki ya tano hadi ya tisa ni za miondoko. Ya kumi ni ya kurenda, yaani kompyuta kuzitoa picha za mwisho, ya 11 ni ya sauti na uhariri, ya 12 ya kuionyesha kwa watu wachache na kurekebisha. Ya 13 usiiandike kitu. Mhadhiri akiuliza, mwambie ni ya umeme.

Fundi wa Fremu

Ninakubaliana na Mama Storibodi kuhusu animatiki, ila kuhusu urefu nina neno. Hesabu ya michoro 2,160 ni sahihi ikiwa kila kitu kitachorwa upya kwa mkono. Wahusika wakitengenezwa kwa vipande, yaani kichwa, kiwiliwili na viungo vikiwa sehemu tofauti zinazozungushwa kwenye maungio, michoro inapungua mno, na dakika mbili zinawezekana. Ubaya wake ni kwamba mhusika wa vipande hageuki vizuri, kwa hiyo storibodi ikwepe shoti ambazo abiria anageuza mwili wote mbele ya kamera. Kupanda bodaboda ni kugeuka. Fikirini hilo mapema: mwonyesheni akiwa pembeni mwa pikipiki, kisha kateni hadi akiwa tayari ameketi.

Pikipiki yenyewe msiichore kwa mkono. Magurudumu na usukani vinapobadilisha upande humtoa jasho hata mchoraji mzoefu. Tumieni Blender, ambayo ni programu ya bure na ina zana ya kuchora iitwayo Grease Pencil, ili pikipiki iwe ya pande tatu na wahusika waliochorwa wawe humo humo kwenye onyesho moja. Wote wanane wawe na toleo lile lile la programu, kwa maana faili iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya inaweza kukorofisha kwenye toleo la zamani. Kitu kikitokea kwa rangi ya waridi iliyokolea, jueni kwamba picha inayofunika uso wake haikupatikana, kwa kawaida kwa sababu mtu alihamisha faili kwenye flashi akaacha folda ya picha nyuma.

Majina ya faili nayo yasiwe "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli". Andikeni namba ya shoti na namba ya toleo, kwa mfano sh07_t03, basi. Nakala ziwe mahali patatu, na mahali pamoja kati ya hapo pasiwe chuoni.

Sauti ya Arua

Naona kila mtu anazungumzia picha. Naomba nami niongeze machache, kwa sababu sauti za wahusika hurekodiwa kabla ya miondoko, wala si baada yake; mchoraji hufuata pumzi na mkazo wa msemaji.

Kiswahili kinawarahisishia kazi ya midomo. Irabu ni tano na silabi nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mkichora midomo ya a, e, i, o, u, mkaongeza mdomo uliofungwa kwa ajili ya m, b na p, na mmoja wenye meno juu ya mdomo wa chini kwa ajili ya f na v, mna midomo saba inayotosha filamu nzima. Msifuatishe kila herufi. Chukueni neno "sitaki": midomo ya i, a, i inatosha kabisa, na mkiongeza mingine mhusika ataonekana anatafuna.

Tafuteni wasemaji ambao Kiswahili ni lugha yao ya kila siku. Huku kwetu West Nile hawakosekani, na hapo Kampala mtawapata bila shida. Rekodini usiku au alfajiri, katika chumba chenye magodoro na mapazia mazito, mbali na barabara, na kamwe si chini ya paa la mabati katika majira ya mvua. Kabla ya kuzima kinasasauti, nyamazeni wote kwa nusu dakika na kurekodi ukimya wa chumba hicho, kwani mhariri atauhitaji kuziba mapengo kati ya sentensi.

Halafu makutano ya Wandegeya si lazima yachorwe yakiwa na kila teksi na kila pikipiki. Honi, injini na sauti za makondakta zikisikika vizuri, ukuta mmoja na pikipiki mbili zinatosha, na macho ya mtazamaji yatajaza mengine.

Penseli wa Ntinda

Nawashukuru sana. Tulifanya lile jaribio la sekunde nne, na mchoraji wetu hodari mwenyewe ndiye aliyependekeza tupunguze hadi sekunde 90 na tutumie wahusika wa vipande. Sikuhitaji hata kubishana naye. Mpango nimeuandika kama Mama Storibodi alivyoeleza, pamoja na ile wiki tupu.

Yamebaki mambo mawili. Kwanza, ninapotaka shoti irekebishwe, wenzangu huniuliza kwa nini maoni yangu yazidi yao, na mmoja amependekeza tuwe tunapiga kura. Pili, yule mwenzetu bado haonekani. Wengine wanataka jina lake liondolewe.

Mwalimu wa Sanaa, Gulu

Kura pigeni katika kuchagua hadithi, kwa kuwa hiyo ni yenu wote. Mkishaanza shoti, kura zitawapa filamu ambayo kila sekunde tano ina tabia tofauti. Hata hivyo, mwongozaji hapati haki ya kuamua kwa cheo chake peke yake. Anaipata kwa kueleza. Usimwambie mtu "shoti hii sijaipenda". Mwambie: "Hapa abiria anatakiwa aone aibu, lakini mabega yake yamekaa kama ya mtu mwenye hasira." Hilo linaweza kupimwa kwa animatiki na muswada, na linamwachia mchoraji uhuru wa kutafuta njia yake. Toa maoni mawili au matatu kwa shoti, uyaandike, na yatoke kwako peke yako hata kama wazo ni la mwingine, ili mchoraji asivutwe huku na huku na watu saba.

Zitazame shoti zikiwa mbichi. Pangeni kikao kifupi kila baada ya siku mbili, ambapo kila mmoja anaonyesha alichonacho, hata kikiwa vijiti vinavyosogea. Kubandikwe ukutani jedwali lenye namba ya shoti, sekunde zake, jina la mwenye kazi, na hatua iliyofikiwa, na wewe usijipe shoti ngumu hata moja. Mwongozaji aliyezama kwenye shoti yake hana macho ya kuona kumi zinazochelewa. Najua itakuuma, maana wewe pia ni mchoraji.

Kuhusu asiyeonekana, mtafute ana kwa ana kabla ya kumhukumu. Ada, ugonjwa, kazi ya usiku: sababu za mwanafunzi kutoweka ni nyingi, na hazisemwi kwenye kundi la WhatsApp. Mpe kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana, kwa mfano mandhari mbili za nyuma, na tarehe. Asipozileta, mjulishe mhadhiri kwa maandishi, ukiambatanisha lile jedwali. Kumwondoa mtu si mamlaka ya kikundi.

Fundi wa Fremu

Neno la kurenda, kwa sababu ya huo umeme. Sekunde 90 ni fremu 2,160. Fremu moja ikichukua dakika mbili, ni saa 72 kwa mashine moja, au saa 24 kwa laptopu zenu tatu. Msirende moja kwa moja kuwa video, kwa kuwa umeme ukikatika katikati faili hiyo mara nyingi haifunguki. Rendeni picha mojamoja za PNG. Mkirudi, mnaendelea na fremu iliyofuata. Kama laptopu zote tatu zinafikia folda moja, katika Blender zimeni chaguo la kuandika juu ya faili zilizopo na washeni lile linaloweka faili tupu ya kushikilia nafasi, na kila mashine itachukua fremu ambayo wenzake hawajaigusa.

Penseli wa Ntinda

Mwalimu, nilimfuata nyumbani kwao. Anamuuguza mama yake. Amekubali kuchora mandhari, na anaweza kuifanya kazi hiyo huko huko. Swali la mwisho kwa wakubwa wangu: tunaweza kutumia wimbo maarufu wa msanii wa hapa nchini, kama filamu yenyewe ni ya shule tu?

Mama Storibodi

Bila idhini, hapana. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na mkipanga kuipeleka filamu katika shule nyingine au kwenye intaneti, itakuwa imetoka nje ya darasa lenu. Mtafuteni mwanafunzi wa muziki anayepiga adungu, yaani kinubi cha asili, mpeni animatiki tangu wiki ya nne atunge akiitazama, na muandikiane karatasi inayosema muziki ni wa nani na utatumika wapi. Karatasi hiyo hiyo iseme pia filamu ni ya nani kati yenu wanane, kabla haijamalizika.

Sauti ya Arua

Na mwambie huyo mpiga adungu anyamaze pale abiria anaposema "sitaki".