Tupeane uzoefu: mishipa ya miguu iliyovimba na kujipinda, uende lini hospitali?

Mleta mada
Wakuu, hii mishipa inayojitokeza miguuni kama mizizi, hospitalini wanaiita verikosi veini, wengi wetu tunaihesabu kuwa uzee au uchovu. Naomba mnaoishughulikia kila siku mtupe mnayoyajua kazini. Visa vya mtu binafsi tuviweke kando, tupeane vitu vya kushika.

Kocha wa Viungo
Damu ya mguuni hupanda kwenda moyoni kwa kukamuliwa na shavu la mguu kila unapopiga hatua. Ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kuna vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Vikilegea, damu inarudi chini, vena inatanuka, na ikitanuka vilango vinazidi kuachana. Ndiyo maana hali hii ikishaanza mara nyingi huongezeka. Vichochezi ni urithi, ujauzito, uzito, umri na kusimama pale pale: kinyozi, mwalimu, mlinzi wa getini. Anayetembea ana nafuu kuliko aliyeganda. Asiyeweza kuondoka kwenye kituo chake ainue visigino na kuvishusha mara 15 hadi 20, arudie kila nusu saa. Jioni alale, miguu iwe juu ya usawa wa moyo kwa dakika 15. Kukaa kitini na kuweka miguu kwenye stuli hakutoshi, bado iko chini ya moyo.

Bi Mkunga
Kwa wajawazito: damu mwilini huongezeka, homoni hulegeza kuta za vena, na mji wa mimba hukandamiza vena za nyonga. Mishipa inaweza kuvimba hata sehemu za siri. Mama, usione haya, mwambie mkunga wako. Mingi hunywea miezi michache baada ya kujifungua, kwa hiyo wakati wa mimba hatukimbilii kuiziba kwa matibabu. Soksi za kubana na kulala ubavu wa kushoto husaidia. Ila mguu mmoja ukivimba ghafla, shavu likauma na kuwa la moto, hilo huenda ni donge la damu kwenye vena za ndani. Usichue, usikande kwa maji ya moto, nenda siku hiyo hiyo. Ukiongezeka upungufu wa pumzi au kifua kuchoma, ni dharura.

Nesi wa Vidonda
Watu hutazama ukubwa wa mshipa. Sisi tunatazama ngozi, juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Jioni kifundo kinavimba na asubuhi kimenywea: huo ni mwanzo. Kisha inakuja miwasho na magamba, na hapo wengi hupaka dawa ya fangasi bila mafanikio. Kisha ngozi inakuwa kahawia nzito, kwa sababu chembe nyekundu zimevuja na kuacha chuma chake humo. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo hujificha, kwa hiyo tumia vidole: bana ngozi ya mguu huu, bana ya ule. Iliyoharibika ni ngumu kama ubao, haikunjiki. Hapo usisubiri maumivu, nenda, kwa kuwa kinachofuata ni mkwaruzo mdogo kugeuka kidonda ndugu.

Na kidonda hicho hakifungi kwa kusafishwa na kumeza antibayotiki tu. Bila bandeji za kubana kuanzia chini ya vidole hadi chini ya goti, damu inaendelea kutuama pale pale. Kidonda cha chini ya goti kikipita wiki 2 bila kupona, kionwe na mtaalamu. Jamani, chale juu ya mshipa huo msikubali. Zinamwaga damu na kuingiza wadudu.

Mfamasia wa Kona
Naongezea: kabla ya kubanwa, presha ya kifundo ilinganishwe na ya mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.8, ateri, yaani mishipa inayoleta damu mguuni, huenda zimeziba, na kubana kunaweza kuua vidole. Mwenye kisukari amwone daktari kwanza, kwani kipimo hicho humdanganya.

Soksi hazinunuliwi kwa namba ya kiatu. Pima asubuhi kwa futi ya fundi cherehani: kifundo palipo pembamba zaidi, shavu palipo panene zaidi, na urefu kutoka sakafuni hadi chini ya goti. Vaa kabla hujashuka kitandani. Ikizidi urefu usikunje juu, mkunjo unabana kama kamba. Baada ya miezi 3 hadi 6 imelegea, nunua nyingine. Haiponyi vilango, inazuia uvimbe.

Huduma ya Kwanza
Mshipa ukipasuka bafuni damu huruka ikatisha. Mlaze, inua mguu juu ya moyo, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Usifunge kamba gotini: unaizuia damu kupanda, inamwagika zaidi. Kisha hospitali, hata ikikatika.

Jicho la Ultrasaundi
Ombeni kipimo cha Dopla, ultrasaundi inayoonyesha damu inaelekea wapi, kifanyike mkiwa mmesimama. Tunakamua shavu na kuachia, damu ikirudi nyuma kwa zaidi ya nusu sekunde, kilango kimeharibika. Ukilala, kasoro inaweza kutoonekana.

Siku hizi vena mbovu huchomwa kwa ndani ili ijifunge, kwa leza au mawimbi ya redio, kwa ganzi, na mgonjwa hutembea siku hiyo hiyo. Nyingine hudungwa dawa ya povu. Pasipo na mashine hizo, upasuaji wa kuifunga na kuing'oa bado unafanyika.

Wengi huuliza: ikifungwa, damu itapita wapi? Takriban asilimia 90 hupita vena za ndani ya misuli, hiyo ya juu ni kijito. Lakini lazima tuhakikishe kwanza kuwa za ndani ziko wazi. Zikiwa zimezibwa na donge, huo mshipa unaokuchukiza huenda ndio njia ya mchepuko iliyobaki, na daktari hataufunga.