Barua ya mume, na watu wa kwenye foleni

Dada wa Kampemba
Ndugu zangu Watanzania wa Lubumbashi, hapa Kongo, salaam. Nimekwenda kuhuisha karatasi za duka langu la jumla la vitenge. RCCM (usajili wa biashara) ninayo, Id. Nat. (namba ya kitaifa ya utambulisho wa biashara) ninayo na NIF (namba ya mlipakodi) pia, lakini karani amekataa kupokea faili mpaka nilete barua ya mume inayoniruhusu kufanya biashara, na mume wangu yuko Mbeya. Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililoniumiza zaidi. Mwanaume mmoja aliyekaa nami benchi moja, nisiyemjua kabisa, aliyasikia yote, akageuka na kuanza kunihoji: mume wangu ameniruhusuje kuvuka mipaka miwili, watoto ninamwachia nani, na kwa nini sisi wanawake wa parité, yaani usawa wa wanawake na wanaume, tunavunja nyumba za watu. Nilikuwa nimeitikia salamu yake kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, naye akaifanya salamu hiyo kuwa ruhusa ya kunisemesha mpaka nilipoitwa dirishani. Nilipoinamia simu yangu, aliwaambia waliokuwa karibu kwamba Watanzania tuna kiburi. Naomba kujua kama barua hiyo inadaiwa kisheria, na mtu kama huyo hunyamazishwaje mahali ambapo ukiondoka unapoteza nafasi yako.

Mama wa Kamalondo
Pole sana, mdogo wangu. Mimi mambo kama hayo hunikuta kwenye teksi, tena nikiwa nimebanwa katikati ya watu wawili. Huanza na swali la kama nimeolewa; nikisema ndiyo, huulizwa kwa nini basi ninatembea peke yangu, na nikisema hapana, mahubiri huwa marefu zaidi. Siku hizi huitikia salamu kwa ukamilifu wote, kisha humwambia anayenihoji kwa upole, «Baba, nina mawazo mengi leo, naomba uniache ninyamaze.» Wengi huelewa. Akitokea asiyeelewa, mimi humwomba dereva anishushe.

Kaka wa forodha
Tuwe waangalifu na sheria. Code de la famille, yaani sheria ya familia ya Kongo, ya mwaka 1987 ndiyo iliyomtaka mke apate idhini ya mumewe, katika kifungu cha 448, na idhini hiyo iliondolewa na sheria namba 16/008 ya Julai 2016. Karani anayeidai leo anafuata karatasi iliyokwisha muda wake. Mwambieni hivyo, tena kwa maandishi.

Mwanachama wa Katuba
Kaka, unasoma nusu ya ukurasa. Kifungu hicho hakikufutwa. Kiliandikwa upya, na sasa kinataka wanandoa wakubaliane, wote wawili. Aidha, kifungu cha 444 bado kinamtambua mume kuwa mkuu wa kaya, na makarani wengi huanzia hapo. Zaidi ya hayo, dada huyu amefunga ndoa Tanzania, na Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mke haki sawa na ya mume ya kumiliki mali na kuingia mikataba. Aende na nakala ya cheti chake cha ndoa pamoja na kifungu hicho kikiwa kimefasiriwa kwa Kifaransa.

Mzee wa Ruashi
Wanangu, mimi sitetei aliyemdharau dada yetu. Hata hivyo nina wasiwasi tunapoanza kuona kila anayetusemesha kuwa mkosaji. Katika mji huu mgeni asiyesemeshwa ndiye aliyetengwa, na mimi nilipofika nilipata chumba, kazi na marafiki kwa maneno ya watu nisiowajua. Mambo haya ya Beijing, ya haki za wanawake, yamekuja na mema mengi, nami nasema hivyo nikimkumbuka Mama Gertrude Mongella wa kwetu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano ule wa wanawake wa Umoja wa Mataifa wa 1995. Lakini je, ufeministi unamzuia mzee kumuuliza binti habari za nyumbani kwake?

Shemeji yenu, Kenya (mtaa, si nchi)
Mzee, shikamoo. Naomba nijibu kama Mkongo niliyeolewa na mmoja wenu. Msidhani kwamba dada amehojiwa kwa sababu ni mgeni, maana sisi tuliozaliwa hapa huhojiwa vivyo hivyo, sokoni, hospitalini na hata msibani. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 14, inaahidi usawa wa mwanamke na mwanaume katika taasisi za nchi, na tangu 2024 Waziri Mkuu wetu ni mwanamke, Judith Suminwa. Lakini parité hiyo ya juu haijashuka mpaka kwenye benchi la kusubiria. Anayeuliza habari za nyumbani husikiliza jibu. Yule wa dada alikuwa na jibu lake tayari, akitafuta mwanamke wa kumshushia hasira alizotoka nazo kwingine, na ndiyo maana alimchagua aliye peke yake, asiye na pa kwenda. Mwanaume aliyekaa pembeni hakuulizwa watoto wake wako na nani.

Kaka wa forodha
Kuna pia sheria ya Julai 2006 inayoadhibu unyanyasaji wa kijinsia. Kwa nini asishtaki?

Shemeji yenu, Kenya
Kwa sababu sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtu msumbufu wa kwenye foleni, kaka. Ukimpeleka polisi kwa maneno hayo, wewe ndiwe utakayeulizwa mume wako yuko wapi.

Mama wa Kamalondo
Hata kwetu ni vilevile, tusijidanganye. Kwenye daladala za Dar es Salaam nilihubiriwa ndoa na makondakta wenye umri wa mwanangu. Tofauti ni kwamba pale nilikuwa na dada zangu wa kuingilia kati, na hapa sina. Hilo ndilo ninalolikosa kuliko ugali wa nyumbani.

Mwanachama wa Katuba
Tumefika daladala, na dada bado hajatuambia ni dirisha gani lililomdai barua, la kupokea mafaili au la malipo, wala kama aliombwa kwa mdomo au aliandikiwa. Bila hayo, hakuna anayeweza kumsaidia kuandika malalamiko.

Mzee wa Ruashi
Na mimi sijajibiwa swali langu.